Fahamu: Muziki wa gemu unaofuata hali ya viumbe

Katika ngoma za Wanyakyusa, kule Rungwe na Kyela mkoani Mbeya, mpigaji anaweza kumtazama mchezaji, kisha akaongeza au akapunguza mwendo. Gemu la Creatures, lililotoka Uingereza mwaka 1996, liliipa kompyuta kazi kama hiyo.

Linafanyaje? Ndani yake wanaishi Norn, viumbe wa kidijitali wanaojifunza, kuzaana na kufa. Badala ya wimbo uliokamilika, mwanamuziki Peter Chilvers aliandaa vipande vya sauti na kanuni za kuviunganisha. Programu hupima hali ya kiumbe na hatari iliyo karibu, ndipo huchagua sauti.

Mwaka 2008, Chilvers na mwanamuziki Brian Eno waliuendeleza muziki wa aina hii katika gemu la Spore. Kijana wa Mbeya anayetaka kutengeneza gemu ana mwalimu jirani: mpiga ngoma.