Picha ilikaa poa kwa simu, basari ikapotea: Jicho linavyotudanganya

Mwezi uliopita, nikiwa kwa saiba ninapopiga kazi hapa Bahati, dada mmoja alinijia mbio na cheti chake cha KCSE. Fomu ya basari ilikuwa inafungwa usiku huo, na tovuti ilikubali faili isiyozidi KB 100. Nikakibana hadi kikaingia. Kwa simu kilikaa poa kabisa. Wiki moja baadaye akaambiwa ati nambari ya mtahiniwa haisomeki. Basari ikaenda hivyo.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hesabu hizi nimejifunza kwa bando la usiku. Aibu ile ndiyo ilinisukuma.

Simama stejini Bahati uangalie msitu kule juu. Unaona kijani kimoja na umbo la mlima. Jani moja moja huoni. Nyoosha mkono utazame kidole gumba chako. Jozi 6 hadi 10 hivi za mistari myeusi na myeupe zikijaa upana wa kucha hiyo, jicho linazinasa hata zikiwa zimefifia. Zikipita 120, unaona kijivu tupu. Na mabadiliko madogo ya rangi hutuponyoka haraka kuliko ya mwanga.

Wataalamu wa kubana picha wanatumia udhaifu huo. Chukua nukta mbili jirani, 100 na 104. Andika wastani, 102, na pengo, 2. Hujapoteza kitu: toa 2, ongeza 2, zote zinarudi. Alfréd Haar wa Hungaria alichapisha msingi wa hesabu hii mwaka wa 1910. Leo tunaiita weivuleti, yaani vimawimbi. Wastani zote zikikusanywa zinakuwa picha ndogo, nayo unaigawa tena na tena. Unabaki na kapicha kadogo na mapengo yaliyopangwa, kutoka makubwa hadi membamba.

Hapo ndipo jicho linaingia. Mapengo ambayo jicho linanasa huhifadhiwa kwa makini. Yale membamba hukadiriwa tu, mengi yanageuka sufuri, na sufuri hazili nafasi.

JPEG ya kawaida hukata picha kwa visanduku vya nukta 8 kwa 8. Ukiibana sana, visanduku vinaonekana. FBI ya Marekani iliona vikivuruga mistari ya alama za vidole, na mwaka wa 1993 ikachagua weivuleti. Kadi moja ya MB 10 hivi ilishuka takriban mara 15. JPEG 2000, inayotumika kufungasha filamu za sinema za kidijitali, pia ni weivuleti.

Lakini shika hili: uzito unaopewa kila pengo hutegemea mtazamaji yuko umbali gani. Mimi nilikagua kwa kioo kidogo cha simu. Karani alivuta cheti karibu kwa kompyuta. Kilichokuwa jani la mbali kwangu kilikuwa nambari ya mtahiniwa kwake.

Siku hizi kabla sijabana cheti, nakata kingo tupu, naondoa rangi kama fomu haiidai, halafu nakuza kila nambari kwa kompyuta. Picha ya pasipoti naweza kuibana zaidi. Na kila mteja namuuliza: nani ataiangalia, na akiwa karibu kiasi gani?

Yule dada nilimrudishia pesa yake. Mwaka wa masomo sikuweza.