Ukoko wa plastiki kwenye ekzosi

Plastiki inapogusa ekzosi ya pikipiki iliyotoka kazini hulainika kwanza, ikatandaa juu ya chuma, kisha ikaganda na kuacha ukoko mweusi. Jijini Tanga na katika njia za Pangani, Muheza na Horohoro, ukoko huo huongezeka wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, abiria wanapopanda bodaboda na makoti ya mvua yanayopepea. Visababishi vingine ni soli ya ndala, pindo la baibui la poliesta na kiroba kilichoning'inia upande wa bomba. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini mifuko mbadala inayofanana na kitambaa mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki pia, nayo huyeyuka.

Kila aina ina joto lake. Plastiki nyepesi ya mifuko laini huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi, ya viroba kwenye 160 hivi, na poliesta huhitaji kupita 250. Bomba linapotoka kwenye kichwa cha injini huweza kuzidi nyuzi 300 pikipiki ikiwa na mzigo, na kadiri linavyokwenda nyuma ndivyo linavyopoa. Ndiyo maana ukoko wa mbele huwa mkavu kama mkaa, na ule wa kwenye sailensa hubaki na mnato. Gunia la mkonge haliyeyuki. Likigusa bomba huungua na kuacha masizi yanayofutika kwa kitambaa kibichi, na pamba na ukili ni vivyo hivyo.

Ukoko wa plastiki hunuka na kutoa moshi kila injini inapopata moto. Pwani una ubaya zaidi: pembeni mwake hujificha unyevu na chumvi ya upepo wa bahari, na kutu huanzia hapo.

Kabla ya kushika chombo chochote, hutazamwa ngozi ya ekzosi yenyewe. Ekzosi inayong'aa imepakwa kromu, tabaka jembamba sana lililo juu ya nikeli. Ekzosi nyeusi imepigwa rangi ya kuhimili joto. Msasa na brashi ya waya huharibu zote mbili, na palipochubuka hupata kutu upesi.

Plastiki iliyogandishwa na joto hubanduka kwa joto. Pikipiki husimamishwa kwa stendi ya kati mahali pa wazi, injini huungurumishwa dakika mbili au tatu, kisha huzimwa. Joto hupimwa kwa tone la maji. Tone likitulia bila kuchemka, bomba bado halijapata moto wa kutosha. Likichemka kwa mlio na kukauka mara moja, kazi inaweza kuanza. Likidundadunda na kuteleza kama gololi, bomba limezidi moto na linapaswa kuachwa lipoe kidogo.

Chombo kinachofaa ni ubapa wa mti, kama mwiko mkuukuu uliochongwa ncha. Hulazwa juu ya bomba na kusukumwa kufuata urefu wake, polepole, mpaka plastiki ijikunje mbele ya mti kama utandu wa maziwa. Ubapa hufutwa kila baada ya msukumo, la sivyo plastiki hurudi kuganda pembeni. Mikono huvikwa glavu nene za pamba au ngozi, maana za nailoni nazo huyeyuka. Plastiki ikigoma, bomba hupashwa tena, nguvu haisaidii.

Alama zinazobaki husafishwa bomba likiwa limepoa kabisa. Kwenye kromu hutumika karatasi ya aluminiamu iliyofinyangwa na kuchovywa kwenye maji ya sabuni: aluminiamu ni laini kuliko kromu, hivyo husugua bila kukwaruza. Majivu ya kuni yaliyochekechwa yasibaki mchanga hufanya kazi hiyohiyo. Kwenye rangi nyeusi hutosha kitambaa na sabuni. Weusi ukiisha, kromu ikabaki na rangi ya samawati au kahawia, huo si uchafu. Ni chuma kilichobadilishwa rangi na joto.

Petroli haifai. Haiyeyushi plastiki ya mifuko wala ya viroba, na ikimwagwa kwenye bomba la moto inaweza kulipuka. Mafuta ya taa pia huweza kuwaka yenyewe yakigusa chuma chenye nyuzi 220 hivi. Asetoni, iliyomo katika baadhi ya dawa za kutoa rangi ya kucha, hulainisha makoti ya PVC lakini haigusi plastiki ya mifuko. Huondoa rangi ya pikipiki na hushika moto upesi. Dawa ya kuzibulia mabomba yenye kostiki soda hula aluminiamu ya injini.

Mwisho, ekzosi huoshwa kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, na kukaushwa. Palipochubuka rangi hupigwa rangi ya ekzosi inayohimili joto kabla kutu haijaingia. Ili ukoko usirudi, kava la ekzosi hurudishwa mahali pake, mzigo hufungwa juu ya kiti, na pindo la koti au baibui hukusanywa mapajani kabla pikipiki haijaondoka.