Shahada ya Kriminolojia: Inachofundisha na Isichoahidi

Miongoni mwa kozi zinazofundishwa katika vyuo vikuu nchini Kenya ni Shahada ya Sanaa katika Kriminolojia. Baadhi ya wanafunzi huichagua wakiamini kuwa watahitimu wakiwa wapelelezi au mawakili. Matarajio hayo yasiporekebishwa mapema, familia huweza kugharamia masomo ya miaka minne yasiyompeleka mwanafunzi anakokusudia.

Kriminolojia ni taaluma inayochunguza vyanzo vya uhalifu, athari zake kwa waathiriwa na namna jamii inavyoukabili. Kwa kuwa ni shahada ya sanaa, hujengwa juu ya sosholojia, saikolojia, misingi ya sheria ya jinai na mbinu za utafiti. Uchunguzi wa damu na vielelezo vingine katika maabara ni tawi la sayansi, nalo huhitaji msingi wa biolojia na kemia.

Maswali ya taaluma hii yana umri mrefu. Mwaka 1764, Cesare Beccaria wa Milan alitoa hoja kwamba uhakika wa kuadhibiwa huzuia uhalifu kuliko ukali wa adhabu. Nchini Kenya, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 huiwezesha mahakama kumwamuru mkosaji afanye kazi ya manufaa kwa umma badala ya kwenda gerezani. Aidha, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliinua umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12. Mwanafunzi wa kriminolojia hufundishwa kupima, kwa ushahidi, iwapo hatua kama hizo hupunguza uhalifu.

Maarifa hayo yanahitajika katika huduma za probesheni, magereza, polisi, mashirika ya kijamii na Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu. Hata hivyo, shahada pekee haimwajiri mtu. Polisi na magereza wana taratibu zao za uteuzi na mafunzo, na anayetaka uwakili hana budi kusomea shahada ya sheria.

Kujiunga na shahada huhitaji angalau alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa KCSE. Kabla ya kutuma maombi, mwombaji anashauriwa kukagua masharti ya kozi kupitia KUCCPS na kuhakikisha kuwa imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.