Rauta Mpya Inaonyesha Wi-Fi Lakini Intaneti Hakuna? Anzia Nyuma, Kwenye Matundu

Wadau, hili swali linajirudia sana. Mtu ana intaneti ya waya nyumbani, Wi-Fi ya modemu haifiki chumba anachopigia picha za bidhaa, akaongeza rauta yake. Simu inaiona Wi-Fi mpya, inaunganisha, lakini WhatsApp haisogei. Oda zimelala na mteja ameshaenda kwa mwingine.

Usikimbilie kurudisha rauta dukani. Rauta haileti intaneti, inaigawa tu. Anayeileta ni modemu, kile kidude walichokufungia watu wa kampuni.

Geuza rauta uangalie nyuma. Tundu moja limeandikwa WAN au Internet, mara nyingi lina rangi yake peke yake. Mengine ni LAN. Waya utoke LAN ya modemu, uingie WAN ya rauta. Wengi wanachomeka LAN kwa LAN kwa sababu matundu yanafanana, halafu hawabadilishi kitu kwenye setingi. Hapo unakuwa na mabosi wawili nyumba moja. Modemu inagawa anwani za IP, rauta nayo inagawa za kwake. Simu iliyopewa anwani na rauta inaelekezwa ipitie kwenye rauta, na rauta yenyewe haina njia ya kutokea. Ndiyo maana simu yako inagoma huku ya mdogo wako inapeta, chumba kilekile!

Waya uko sawa na bado hakuna kitu? Angalia kama vyote viwili vinatumia anwani moja, mfano 192.168.1.1. Rauta nyingine zinajirekebisha zenyewe, nyingine hazijirekebishi. Ingia kwenye setingi za rauta yako, sehemu ya LAN, weka 192.168.2.1, sevu. Kisha zima vyote. Washa modemu kwanza, subiri taa zitulie kama dakika 2, ndiyo uwashe rauta. Msidharau huu mpangilio, kuna modemu zinazokumbuka kifaa cha mwanzo na kukikataa kipya mpaka zizimwe.

Sasa wenye printa ya risiti, hii ni yenu. Simu ikiwa Wi-Fi ya rauta na printa ikiwa kwenye modemu, mara nyingi hazionani. Kwenye setingi tafuta Access Point, au AP, uiwashe. Rauta inaacha ubosi, modemu inabaki kugawa anwani peke yake, kila kitu kinakuwa mtandao mmoja. Mimi kwa duka dogo napendelea hii. Ila modemu ndiyo inabeba kazi yote, kwa hiyo pasiwedi yake isiwe ile iliyobandikwa chini ambayo kila mpita njia ameshaipiga picha.

Waya wa Cat5e unafika hadi mita 100, kwa hiyo isogeze rauta karibu na unapofanyia laivu, usiirundike pembeni ya modemu. Kama kuna ukuta katikati, tumia 2.4 GHz, inapenya kuliko 5 GHz.

Na kile kitundu cha Reset kwenye modemu ya kampuni msikiguse kabisa. Kinaweza kufuta setingi walizoweka wao, na hapo utawasubiri waje huku duka limelala.