Desibeli 110 Zinaishia Wapi?

Ingia duka la vifaa vya umeme pale Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, uulizie king'ora cha jengo la biashara. Muuzaji atakugeuzia boksi uone namba iliyochapwa kwa wino mzito: 110 dB. Wengine wataleta cha 120. Baada ya hapo ni kupatana bei tu, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba amenunua kelele za kutosha mtaa mzima.

Namba ile si ya uongo, ila ina masharti yasiyoandikwa kwenye boksi. Hupimwa kwa kifaa kilichowekwa karibu, kwa kawaida mita moja mbele ya king'ora, pasipo mlango wala ukuta katikati. Hakuna mlinzi anayekesha mita moja kutoka kwenye king'ora, na angekesha hapo masikio yake yasingedumu.

Sauti ikitoka kwenye chanzo hutawanyika, na nguvu ileile hulazimika kuenea kwenye eneo linalozidi kupanuka. Umbali ukiongezeka maradufu, eneo hilo huwa mara nne, na kipimo hushuka kwa desibeli 6. Desibeli 110 za mita moja huwa 104 kwenye mita 2, 98 kwenye mita 4, 92 kwenye mita 8, 86 kwenye mita 16, na 80 ukifika mita 32. Ndani ya korido kuta hurudisha sehemu ya sauti, kwa hiyo upotevu huwa mdogo kuliko huo. Kwenye uwanja wazi hesabu hii hukaribia sana ukweli.

Sasa weka jengo lenyewe. Chukua ghorofa nne za aina tuliyoizoea: fremu za maduka chini, stoo juu yake, ofisi mbili tatu, kibanda cha mlinzi uani karibu na jenereta. Mwenye jengo amefunga king'ora kimoja ndani, juu ya mlango wa mbele. Mpaka kwenye kibanda ni kama mita 32, basi tuseme zimebaki 80. Mlango wa kawaida wa mbao ukifungwa huzuia takriban desibeli 20, zinabaki 60. Mlango wa pili wa kutokea uani unachukua nyingine 20. Kinachomfikia mlinzi ni desibeli 40, sawa na chumba tulivu cha maktaba, na pembeni yake jenereta inanguruma kwa 70. King'ora kimelia kwa nguvu zote zilizoandikwa kwenye boksi, na mtu aliyeajiriwa kukisikia hana habari.

Wengi hapo hukimbilia king'ora kikubwa zaidi. Hesabu ya desibeli haimpendelei mtu wa namna hiyo. Kuongeza desibeli 10 kunadai nguvu ya sauti mara kumi, na sikio huhisi kelele imeongezeka kama mara mbili tu. Ukifunga ving'ora viwili vya aina moja ubavu kwa ubavu unapata nyongeza ya desibeli 3. Lakini ukikichukua kile cha pili, hata kama ni cha desibeli 95 tu, ukakitundika mita 2 kutoka kwenye kiti cha mlinzi, anapata karibu 89, na jenereta imeshindwa. Kugawa sauti kuna faida kuliko kuirundika mahali pamoja. Huo ndio ushauri ambao mafundi wazuri huutoa na wateja huupuuza, kwa sababu boksi la pili halionekani kama nguvu, linaonekana kama gharama.

Kanuni za kengele za moto zimelitambua jambo hili kwa muda mrefu. Kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 72 hudai sauti ya tahadhari izidi kelele za kawaida za mahali hapo kwa desibeli 15. Ile ya Uingereza, BS 5839, huanzia desibeli 65, au 5 juu ya kelele inayodumu zaidi ya sekunde 30. Zote mbili hupimia pale penye watu, wala hazijali king'ora kimefungwa ukuta gani. Mfumo wa wizi si mfumo wa moto, lakini sikio ni lilelile.

Kuna jambo la pili ambalo namba ya boksi hulificha, nalo kwangu ndilo lenye utamu zaidi: king'ora kinalia kwa sauti nyembamba kiasi gani.

Ving'ora vidogo vya siku hizi havina nyundo wala sumaku. Ndani yake mna kisahani chembamba cha kauri kinachojikunja umeme ukipitishwa na kunyooka ukigeuzwa. Tabia ya baadhi ya fuwele kutoa umeme zikiminywa iligunduliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, na kinyume chake kikathibitishwa muda mfupi baadaye. Kisahani kama hicho hupiga kelele nyingi kwa umeme kidogo, mradi kitetemeke kwa kasi kinayoipenda, na kwa ukubwa unaoingia kwenye boksi dogo kasi hiyo huwa karibu mitetemo 3,000 kwa sekunde, yaani hezi 3,000.

Kwa bahati, ndipo sikio letu linaposikia vizuri zaidi. Tundu la sikio lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, limefungwa na ngoma upande mmoja, na hufanya kazi kama kifuniko cha kalamu unachokipuliza kikatoa mluzi: kuna sauti moja linayoikuza, na sauti hiyo iko karibu na hezi 3,000. Kwa hiyo kisahani cha bei nafuu kinalia palepale sikio linapouma.

Lakini sikio linalosikia vizuri hapo halijui sauti inatoka wapi. Ubongo hutafuta upande wa sauti kwa njia mbili. Sauti nzito hupimwa kwa tofauti ya wakati, maana wimbi hufika sikio la upande mmoja kabla ya jingine, kwa tofauti isiyozidi sehemu 7 za elfu kumi za sekunde. Sauti nyembamba hupimwa kwa kivuli cha kichwa: sikio la upande wa pili hupata kidogo. Katikati ya njia hizo kuna pengo. Mwaka 1936 watafiti Stevens na Newman wa Chuo Kikuu cha Harvard walimkalisha msikilizaji kwenye kiti kirefu juu ya paa la jengo, mbali na kuta zinazorudisha mwangwi, wakamchezea sauti kutoka pande mbalimbali. Makosa yalikuwa mengi zaidi karibu na hezi 3,000.

Hili linaeleza kero ambayo walinzi wa mitaa ya maduka wanaifahamu: king'ora kinalia, watu wanne wanatoka na tochi, na kila mmoja anaelekea fremu tofauti. Dawa yake ni king'ora kinachopanda na kushuka, kikipita kwenye masafa mengi badala ya kushikilia sauti moja, pamoja na taa ya kumulika ukutani, ambayo pia humfaa mtu asiyesikia. Kengele ya zamani ya sahani ya chuma na nyundo nayo haijapitwa na wakati kama wauzaji wanavyodai. Kila ikigongwa hutoa sauti nzito na nyembamba kwa pamoja, na sikio hupata la kushika. Kwa ukuta wa nje unaotazama barabara, mimi ningeichagua hiyo kabla ya kisahani cha sauti moja.

Sauti nyembamba pia ni dhaifu mbele ya milango na kuta, na ndiyo ambayo wazee hutangulia kuipoteza masikioni. Nyumba za wageni na hoteli zizingatie hilo zaidi. Dorothy Bruck na wenzake wa Victoria University, Australia, waliwaamsha watu waliolala kwa sauti mbalimbali, wakaona kwamba sauti nzito ya hezi 520 iliwaamsha vizuri zaidi kuliko ile kali ya hezi 3,000 na ushee. Ndiyo maana kanuni ya Marekani sasa hudai sauti nzito kwenye vyumba vya kulala. Na palipo na mifumo miwili, milio isifanane kamwe. Mlio wa kuhama jengo unaotambuliwa kimataifa ni mapigo matatu ya nusu sekunde, kisha kimya cha sekunde moja na nusu, kisha tena. Uachwe kwa ajili ya moto. Aliyesikia mlio wa moto akatoka mbio, na aliyesikia mlio wa wizi akakimbilia mikononi mwa mwizi, hawapaswi kuwa wamesikia kitu kimoja.

Tuje kwenye kufunga, ambako waya huharibu kazi nyingi kuliko king'ora. Waya mwembamba wa kengele una shaba ya milimita za mraba 0.22. Ukiuvuta mita 50, umeme husafiri mita 100 kwenda na kurudi, na waya peke yake huwa na upinzani wa karibu omu 8. King'ora cha volti 12 kikihitaji ampea moja, volti nyingi huishia njiani, na kinachofika ukutani ni mlio wa kukwama. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali huohuo hupoteza volti moja na kidogo. Fundi anayejaribu king'ora mezani, pembeni ya betri, hataliona tatizo hili.

Kengele ya kwanza ya wizi ya umeme ilipewa hataza mwaka 1853, kwa jina la mchungaji Augustus Russell Pope wa Somerville, Massachusetts, na miaka michache baadaye haki zake zikanunuliwa na Edwin Holmes aliyeifanya biashara. Dirisha likifunguliwa, sakiti ilikamilika na nyundo ikagonga. Mfumo wa namna hiyo una tundu moja kubwa: ukikata waya, umeunyamazisha. Mifumo ya leo imegeuza mantiki. Umeme hupita muda wote, na kukatika kwake ndiko kunakoamsha kengele. King'ora cha nje kizuri hufuata njia hiyohiyo: kina betri yake ndani, na paneli, yaani boksi linaloongoza mfumo, hukipelekea umeme wa kukituliza. Mwizi akikata waya, utulizaji unakoma na kinaanza kulia chenyewe. Swichi ndogo chini ya mfuniko hufanya hivyo pia boksi likibanduliwa. King'ora cha nje kisicho na vitu hivi viwili hakifai kununuliwa kwa jengo lolote lenye mali.

Kifungwe juu, pasipofikika bila ngazi, chini ya ukingo wa paa, na kisifichwe nyuma ya bango la duka. Pwani, kuanzia Mtwara mpaka Lamu, chumvi ya hewani hula skrubu za chuma cha kawaida, kwa hiyo ziwe za chuma kisichoshika kutu, na tundu la waya lizibwe vizuri. Mijusi na sisimizi hupenda maboksi yenye joto, na yai la mjusi juu ya sakiti si hadithi ya kubuni.

Kuhusu betri, watu huogopa kwamba king'ora kitaimaliza. Kikila ampea moja kwa dakika 20, kimekula theluthi moja tu ya ampea-saa. Kinachomaliza betri ya ampea-saa 7 ni kungoja: paneli na sensa za mwendo zikitumia ampea 0.3, umeme ukikatika kwa saa 12 zimekwenda ampea-saa 3.6. Joto nalo huizeesha, kwani kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Boksi la paneli lililowekwa chini ya mabati hulipiwa kwa betri mpya.

Dakika 20 nilizozitaja si za kubahatisha. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 1982 ulitaka kengele ya nje inyamaze ndani ya muda huo, ili majirani wasichoke. Kengele iliyolia usiku kucha mara tatu bila mwizi haitamtoa mtu kitandani mara ya nne, hata ikiwa na desibeli 130.

Fundi akisema amemaliza, usimlipe bado. Mlinzi akae pale anapokaa usiku, si pale anapoelekezwa na fundi. Milango na mashata yafungwe, jenereta iwake, redio yake iwe kwenye sauti ya kila siku, na umeme unaolisha paneli uzimwe ili betri ndiyo ibebe kazi. Majirani wajulishwe. Kisha mtu afungue mlango wa stoo bila kumwambia mlinzi ni saa ngapi. Mlinzi asipotokea ndani ya dakika moja, king'ora cha pili kifungwe upande wake, na jaribio lirudiwe siku hiyohiyo, halafu tena kila jenereta itakapobadilishwa, ukuta mpya utakapojengwa, au kibanda kitakapohamishiwa geti jingine.