Wingu Jeusi Juu ya Kapiti

Ukishaipita Lukenya kwa barabara ya Mombasa, uwanda wa Kapiti unafunguka mbele yako. Wengi wetu tunaupita tukiwa tumesinzia ndani ya matatu. Huko Marekani, kuna watoto waliolala usiku wakisomewa habari zake.

Mwaka 1981 Verna Aardema alichapisha Bringing the Rain to Kapiti Plain, kitabu cha picha kilichochorwa na Beatriz Vidal. Asili yake ni ngano ya Wanandi iliyorekodiwa na Claud Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1909. Mchunga ng'ombe Ki-pat anatazama wingu zito lililotanda bila kunyesha. Nyasi zimekauka, mifugo ina njaa. Anapata unyoya wa tai, anautia kwenye mshale, analitoboa wingu, na mvua inamwagika.

Nguvu ya kitabu iko katika muundo. Kila ukurasa unaongeza jambo moja, kisha unayarudia yote yaliyotangulia. Mtindo huu tunao tangu zamani katika kisa cha Mwalimu Goso, aliyeuawa na buyu lililomdondokea. Wanafunzi wake wakamshika upepo wa kusi. Kusi akasema ukuta humzuia, ukuta ukamtaja panya, wakaendelea hivyo hadi wakamfikia paa aliyeliangusha buyu. Mtoto akikariri mnyororo wa namna hii, hawezi tena kumtaja ng'ombe bila nyasi, wala nyasi bila wingu. Somo la ikolojia limeshamwingia kabla hajalisikia jina lake.

Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, naye alishuka garimoshi hapa Kapiti mwaka 1909 kuja kuwinda, na African Game Trails kikatoka mwaka uliofuata. Alikuwa na jicho kali la ndege na wanyama, simnyimi hilo. Lakini kitabu chake kina orodha ya wanyama waliopigwa risasi, na katika orodha mnyama husimama peke yake, ametengwa na majani aliyokuwa akila.

Nenda Kapiti mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Udongo mweusi umepasuka. Migunga ina vifundo vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi, na upepo ukipita kwenye matundu hayo hupiga mbinja. Gusa tawi, sisimizi watakumiminikia mkononi: mti umewapa nyumba, nao wanaulinda. Twiga hung'ata kidogo, akahamia mti mwingine. Sehemu ya uwanda huo ni ranchi ya utafiti ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), na humo ng'ombe na pundamilia wanashiriki malisho.

Niliwahi kuwasimulia watoto wa Machakos kisa cha Ki-pat kwa Kiswahili. Nilipomaliza, msichana mmoja akauliza: lile wingu lilitoka wapi? Tukaanza upya, kutoka kwa ng'ombe, nyasi, mvua, wingu, upepo, mpaka tukafika Bahari ya Hindi.