Kuni inayolia

Anayeshuka kuelekea mji wa Mweso jioni huuona moshi kabla ya kuona mabati. Umelala juu ya bonde, haupandi. Jua likizama, milima ya Masisi hupoa upesi. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutulia chini ya hewa yenye joto. Moshi hukwama humo, na hata aliyekwisha kuzima moto wake huendelea kuvuta wa majirani.

Moshi ni kuni ambayo haikuungua vizuri. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji. Moto huanza kwa kuyachemsha maji hayo, unapoteza joto, na gesi ambazo zingewaka zinatoroka pamoja na chembe laini. Chembe zilizo hatari zaidi hazizidi mikromita 2.5, yaani unywele mmoja ni mnene kuzishinda mara 30 hivi. Hufika mwisho wa mapafu, nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5.

Akina mama huambiwa moshi huja kwa sababu hawajui kuchagua kuni. Silikubali hilo. Kila mpishi wa huku anajua kwamba kuni inayolia na kutoa povu ni mbichi. Lakini kukausha kunataka miezi, na kunataka mahali pasiponyeshewa. Familia iliyokimbia vita na kujenga kibanda cha shitingi haina miezi wala mahali. Kuni iliyookotwa asubuhi ndiyo inayoivisha maharagi jioni. Vita vimo ndani ya moshi huu.

Hata hivyo, kuni iliyopasuliwa nyembamba hukauka mapema zaidi kuliko gogo, na uchaga juu ya mafiga huisaidia, mradi isikaribie miali. Maharagi yaliyolowekwa usiku kucha, sufuria ikifunikwa, hupunguza muda wa moto, hivyo na moshi.

Wenye uwezo huhamia kwenye makala. Babula, yaani jiko la makala, haichomi macho, na hapo ndipo inapodanganya: hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huishika damu na kuinyima oksijeni. Usiku wa baridi wengi huiacha ndani iwapashe joto. Itolewe nje kabla ya kulala, hata kama makala yanaonekana yamekwisha kuwa majivu.